Mkwilima wa Ngasamo

Watu wa Bariadi walimcheka Masunga kwa sababu ya kengele. Baiskeli yake ilikuwa ya mashindano, ya gia, nyepesi kiasi cha kuinuliwa kwa mkono mmoja, ile aina ambayo mwenye nayo hung'oa kila kisichosaidia mwendo. Masunga naye aling'oa keria, madigadi na stendi. Kisha pale kwenye usukani akafunga kengele kubwa ya chuma, kama zile za wauza maziwa. Akipita kwenye kijiwe cha bodaboda karibu na soko, vijana walimpigia kelele, "Lita ngapi leo, baba?" Naye aliinua kiganja bila kugeuka, akaendelea na safari yake.

Sababu ya kengele ilikuwa mama mkwe. Kabula, mke wa Masunga, alizaliwa juu ya vilima vya Ngasamo, kwenye kaya iliyojengwa kando kabisa ya njia, pale inapojikunja kati ya mwamba na korongo. Kwa Wasukuma mkwilima, yaani mume wa binti, hakutani na mama mkwe njiani hivi hivi. Akimwona, anashuka kwenye alichopanda, anaiacha njia, anachuchumaa pembeni na kumpa kisogo mpaka mama aondoke. Hampiti. Hamsemeshi mbele za watu, wala jina lake halitaji. Vijana wa mjini siku hizi wamelegeza. Wapo wanaowashika wakwe zao mkono na kupiga nao picha harusini. Masunga hakuwa mtu wa kuogopa mizimu. Alisoma hadi chuo, na msimu wa pamba alisimamia mizani ya malori kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, kazi ambayo haimruhusu mtu kuamini jicho lake mbele ya kipimo. Lakini siku ya kuoa aliulizwa mbele ya watu kama ataushika mwiko huo wa nyumba ile, akasema atashika. Kwake jambo lililokubaliwa mbele ya watu lilikuwa limekwisha kupimwa.

Basi kengele ikawa mapatano. Kila alipokaribia kona ile aliipiga akiwa bado chini, na mama, kama alikuwa barabarani, aliingia nyuma ya uzio wa minyaa mpaka baiskeli ipite. Aliyebeba maneno ya mapatano hayo kutoka kwa mkwilima hadi kwa mkwe alikuwa Ngassa, kaka wa Kabula.

Ngassa alikuwa fundi wa kuchomelea mageti hapo Bariadi, mcheshi, mapaja mazito kama ya ng'ombe wa kulimia. Kwenye tambarare hakuna aliyemweza. Kwenye mlima alichoka, na hakuona haya kusema. Kwa hiyo walipanda baiskeli kama watu wawili wenye mwili mmoja: kwenye tambarare Ngassa alitangulia kukata upepo, Masunga akajibanza nyuma ya gurudumu lake, mlima ulipoanza Masunga alipita mbele na kumvuta mwenzake kwa mwendo ambao mwenzake peke yake asingeuthubutu. Jumapili kwa Jumapili, mwaka baada ya mwaka, waliipanda nchi ile namna hiyo. Walifika Lagangabilili, walifika hata Mwanhuzi ambako barabara ni kavu na ng'ombe ni wengi kuliko watu. Lakini njia iliyowashika ilikuwa moja, na aliyeigundua alikuwa Masunga.

Njia hiyo inaanzia Lamadi, kwenye mchanga wa ziwani ambako akina mama wanaanika dagaa. Inafuata lami kidogo, kisha inaiacha na kuingia changarawe kuelekea vilimani. Masunga alikuwa ameitafuta kwa subira, akikwepa mahali pote penye udongo mweusi wa mbuga, ule ambao mvua ikinyesha unashika tairi kama ulimbo. Njia yake haikugusa mbuga hata mara moja. Ilipanda kwa mgongo wa kilima, ikapita kona ya mwamba, na juu kabisa mtu akigeuza shingo upande huu aliliona ziwa limelala jeupe kama bati, na upande ule milima ya Serengeti imepangana, bluu juu ya bluu. Baada ya hapo ni mteremko mrefu mpaka lami ya Bariadi.

Mwezi wa sita alikuja mama mmoja kutoka Mwanza, jina lake Ernestina, mzaliwa wa Bukoba, aliyetumwa na kampuni ya utalii kutafuta njia za kuendeshea wageni baiskeli. Masunga alimpeleka kwenye njia yake. Walipofika juu, Ernestina alikaa juu ya jiwe, kisha akasema kwamba hawana haja ya kutafuta nyingine. Alihitaji mtu mmoja wa kuajiriwa mwaka mzima, kiongozi wa msafara. Masunga akamwambia kwamba wao ni wawili, akamtaja na Ngassa. Ernestina akasema nafasi ni moja.

Angempa Masunga siku ileile. Lakini chama cha waendesha baiskeli wa mkoa kiliposikia, wanachama walilalamika kwamba kazi inagawiwa kwa kujuana, na Ernestina hakutaka kuanza kazi na manung'uniko. Akatangaza mashindano kwenye njia yenyewe, Lamadi hadi Bariadi. Wa kwanza kufika ndiye kiongozi.

Masunga hakupinga. Aliitaka kazi ile kuliko alivyowahi kutaka kitu, na hakumwambia mtu isipokuwa mkewe na shemeji yake. Kazi ya mizani ilikuwa ya msimu. Miguu yake nayo, alijua bila kujidanganya, ilikuwa imebakiza misimu michache ya kushindana. Kulipwa ili apite kwenye njia aliyoichagua mwenyewe, akiwaonyesha watu kitu alichokuwa akikiona peke yake, hilo halingemjia tena. Na kwenye njia ile, yenye mlima mrefu hivyo, alijua pia hakuna mtu mkoa ule wa kumshinda.

Maandalizi yakagawanywa. Ernestina alitaka vituo vya maji, na Ngassa akajitolea kuwatafuta akina mama wa kuvisimamia, kwa kuwa kule vilimani ni kwao. Masunga alimwomba jambo moja tu: kwenye kona amweke yeyote, asimweke mama.

Ngassa alicheka mpaka akashika ukuta. "Shemeji, mimi ni mwendawazimu?"

Siku ya mashindano upepo ulikuwa wa kiangazi, unatoka mashariki, usoni mwa waendeshaji. Walipoondoka Lamadi vijana wa bodaboda waliowafuata toka Bariadi walikuwa bado wanataja bei ya maziwa. Kwenye lami walikwenda kundi zima, Ngassa akikata upepo zaidi ya wote, na Masunga nyuma yake kama kawaida. Changarawe ilipoanza kundi likakatika vipande. Mlima ulipoanza walibaki wao wawili mbele. Ngassa alikuwa akihema kwa kinywa. Alisogea pembeni, akampungia Masunga apite.

"Nenda, shemeji, nenda. Tutaonana Bariadi."

Masunga akaenda. Alipanda akiwa amekaa, bila kusimama juu ya pedeli, mwendo uleule chini na uleule juu, kama anavyopanda mtu anayejua mlima unaishia wapi. Alipotazama nyuma Ngassa alikuwa ameachwa mbali, mdogo, kichwa kikienda kushoto na kulia. Kwa Masunga mashindano yalikuwa yameisha. Kilichobaki kilikuwa ni njia.

Chini ya kona alipiga kengele. Alisikia kwa juu akina mama wakiimba. Akapiga tena, kwa nguvu zaidi, na wimbo ukaendelea. Akaingia kona.

Mama mkwe alikuwa amesimama katikati ya njia. Nyuma yake kulikuwa na meza ndogo, ndoo na vikombe, na yeye alikuwa ameinua kikombe kwa mikono miwili, anatabasamu, uso wote umefunguka, kama mama anavyomngoja mtoto wake aliyemzaa. Kisha akaona aliyekuja ni nani.

Angeweza kupita. Kati ya meza na mwamba palikuwa na nafasi ya kutosha baiskeli. Baadaye Masunga alirudi kupatazama, na hakujifichia ukweli huo. Lakini alifunga breki, akashuka, akaiegemeza baiskeli kwenye mwamba, akaenda ukingoni mwa korongo na kuchuchumaa huku amewapa kisogo watu wote. Nyuma yake alisikia kikombe kikianguka. Mama alijifunika kitenge kichwani, akageukia mwamba.

Hapo ikabaki mama aondoke, maana yeye ndiye hutangulia. Lakini mama alikuwa na nyonga mbovu, na fimbo yake ilikuwa ng'ambo ya meza, upande ule ambao asingeufikia bila kupita karibu na mgongo wa mkwilima. Wale akina mama wengine waliacha kuimba. Wote walielewa, na hakuna aliyejua la kufanya, kwa sababu kumshika mama mkono na kumwondoa mbele ya mkwilima wake, kama mzigo, ingekuwa aibu nyingine. Masunga alitazama chini korongoni. Kulikuwa na mbuzi wawili wanakula majani ya mgunga. Alisikia jasho lake likidondoka juu ya changarawe.

Akasikia mnyororo unakuja, polepole, na mhemo wa mtu aliyechoka.

"Mama, maji," Ngassa akasema. Ngassa akajichukulia kikombe mezani, akanywa, akakirudisha. Akipita nyuma ya Masunga akasema, "Pole, shemeji."

Sauti yake haikuwa na mshangao. Hilo Masunga aliliona palepale, kabla hasira haijafika.

Mwishowe mmoja wa wale akina mama akakumbuka kumsogezea fimbo. Mama alipokwisha kufika nyuma ya minyaa, wengine wawili walikuwa wamepita pia. Masunga alipanda akashuka upande wa pili kwa kasi ambayo mtu mwenye watoto haendi nayo. Lakini chini kwenye lami wale watatu walikuwa pamoja, wakipokezana mbele, na yeye alikuwa peke yake na upepo usoni. Aliiona migongo yao hadi Bariadi. Hakuwafikia. Ngassa alishinda, akabebwa begani.

Ernestina hakuwa mtu mgumu kuongea naye. Alimsikiliza Masunga hadi mwisho, akamuuliza kama kuna mtu aliyemzuia. Masunga akasema hapana. Akamuuliza kama njia ilikuwa imefungwa. Masunga akasema haikuwa imefungwa. Ernestina akasema kwao Bukoba nako wakwe wana heshima zao, lakini mashindano ni mashindano, na hawezi kumnyang'anya mshindi ushindi kwa sababu mwenzake aliamua kushuka. Masunga aliona kwamba hilo ni sawa. Angekuwa yeye ndiye Ernestina angesema vilevile.

Kesho yake Kabula alipanda kwao kumpa mama pole. Aliporudi hakukaa. Alisimama mlangoni, kanga bado begani, akamwambia mumewe aliyoyasikia. Ngassa alikwenda kwa mama siku mbili kabla ya mashindano. Alimwambia kwamba Masunga hashindani, kiwandani kuna foleni ya malori na hakupewa ruhusa, ila amemwazima shemeji yake baiskeli. Akamwambia, ukisikia kengele ni mimi mwanao. Usiondoke, simama katikati ya njia na maji, nitakuwa nimechoka. Mama akafanya hivyo. Kabula alilisema hilo kwa hasira, akamwita kaka yake jina ambalo Masunga hakuwahi kulisikia kinywani mwake.

Masunga alirudi kwa Ernestina na habari hiyo, safari hii si kwa kulalamika. Ernestina alisema hilo ni jambo jingine kabisa. Kama mshindani mmoja alimtega mwenzake, ushindi unafutwa na mashindano yanarudiwa. Lakini asikie kutoka kwa mama mwenyewe, si kwa mtu aliyesikia kwa mtu.

Mama alikubali kuja. Waliletwa na gari la kampuni, yeye na Kabula aliyekwenda kumchukua, mpaka kwenye gesti aliyofikia Ernestina hapo Bariadi, mchana, baada ya chakula. Ngassa alikuwa ameketi ndani tayari, shati limepigwa pasi. Masunga hakuweza kuingia kwenye chumba alimo mama mkwe, kwa hiyo alipewa kiti barazani, chini ya dirisha, mgongo wake ukiwa ukutani. Dirisha lilikuwa wazi. Alisikia kila kitu, hata mama alivyoguna akikaa.

Mama hakujua Kiswahili zaidi ya salamu na maneno ya sokoni. Ernestina hakujua Kisukuma hata salamu. Ilibidi awepo mkalimani, na wa kwanza kufikiriwa alikuwa Kabula. Masunga alifurahi. Alimwona mkewe akipita mlangoni kuingia, akamwinamishia kichwa kidogo, kama mtu anayemkabidhi mwenzake kitu kisichotakiwa kuanguka.

Ernestina akaanza kwa adabu. Akasema hakuna mtu anayeshtakiwa, anataka kujua tu. Kisha akasogea dirishani na kumuuliza Masunga ni swali gani hasa angetaka mama aulizwe.

Masunga alikuwa amelitengeneza tangu asubuhi. Alitaka swali ambalo jibu lake ni jina la mtu, si maelezo. "Aulizwe hivi: kabla ya mashindano, aliambiwa kwamba atakayekuja na kengele ni nani?"

Ernestina akalirudia ndani, neno kwa neno. Kisha Kabula akasema na mama yake kwa Kisukuma, sauti ya chini, ya upole, ile ya binti anayemwamkia mama asubuhi. Alimuuliza: mama, siku ile walikupa kazi gani pale kwenye kona?

Masunga alidhani ni utangulizi.

Mama akajibu kwamba alipewa kazi ya kugawa maji. Akangoja. Ilionekana kwa namna alivyonyamaza kwamba alikuwa na zaidi ya kusema, na kwamba alikuwa anangoja aulizwe.

"Anasema aliambiwa agawe maji," Kabula akamwambia Ernestina kwa Kiswahili. "Kuhusu kengele hakuambiwa kitu."

Barazani Masunga aliona mikono yake mwenyewe juu ya magoti, imetulia. Akamwita Ernestina dirishani, akamwambia kwa sauti isiyopanda wala kushuka kwamba mkalimani hakuuliza kilichoulizwa.

Ernestina akageuka. "Kabula, umemuuliza nilivyosema?"

"Nimemuuliza."

"Mumeo anasema hukumuuliza."

"Nimemuuliza," Kabula akasema.

Ngassa akacheka kidogo, akasema jamani, shemeji ameshindwa, sasa anagombana na mke wake. Ernestina hakucheka. Alitoka hadi getini, ambako mlinzi wa gesti, mzee aitwaye Salu, Msukuma wa Itilima, alikuwa amekaa hatua chache kutoka kwenye dirisha lilelile.

"Mzee wangu, umesikia walivyoongea?"

"Nimesikia."

"Binti alimuuliza nini mama yake?"

Salu akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Mama, mimi nalinda geti. Mambo ya wakwe yana wenyewe."

Ernestina akarudi akasimama kati ya dirisha na mlango. Alikuwa anaona kwamba watu wote waliopo wanajua kitu, isipokuwa yeye, na kwamba mkalimani mwingine yeyote wa hapo angekataa kama Salu. Akainama dirishani. "Masunga, wewe unajua Kisukuma. Muulize mwenyewe. Hata hapo ulipo anakusikia."

Ilikuwa kweli. Ukuta ulikuwa wa tofali moja. Sentensi moja fupi, kwa lugha ambayo mama aliielewa, na mama angejibu. Masunga hakuwa na shaka, maana kimya cha mama mle ndani kilikuwa bado kinangoja. Lakini ingekuwa ni mkwilima kumhoji mkwe wake mbele ya watu, mbele ya mwanawe na binti yake na mgeni, kama polisi. Masunga alilifikiria jambo hilo kama anavyofikiria lori lililo juu ya mizani. Kama mwiko ule unavunjika hapa kwa ajili ya kazi, basi ulikuwa unavunjika na kule kilimani kwa ajili ya kazi ileile, na alipaswa kupita na kushinda. Hakuwezi kuwa na uzito mmoja asubuhi na mwingine mchana. Alikuwa ameshuka. Aliyeshuka ameshuka.

"Siwezi," akasema.

Ernestina alijiinua kutoka dirishani. Kisha akasema kwamba basi, kwa alichosikia, hana cha kufuta. Akamshukuru mama. Akamwambia Ngassa afike Lamadi mwanzoni mwa mwezi.

Gari lilimrudisha mama Ngasamo. Wakati mama anatoka, Masunga aligeuza kiti na kuutazama ukuta. Alisikia fimbo ikisimama nyuma yake, ikakaa, kisha ikaendelea.

Yeye na Kabula walirudi nyumbani kwa miguu, yeye akiikokota baiskeli. Walipita njia ya sokoni. Nyumbani Kabula alimletea maji ya kunawa, akaketi kwenye kigoda na kuanza kuchambua mchele, akitenga mawe upande. Masunga hakutaka kugombana. Alitaka kujua.

"Yale uliyoniambia juzi pale mlangoni, mama aliyasema au hakuyasema?"

"Aliyasema."

"Leo mbona hukumuuliza?"

Kabula aliendelea na mchele. Akasema mama ni mzee. Kama angesema vile mbele ya wageni, habari ingefika Ngasamo kabla yake, kwamba mwanawe wa kiume alimfanya mtego wa kumnasia mkwilima. Nani angekaa naye kisimani? Nani angemwita kwenye msiba? "Wewe una kazi ya mizani," akasema. "Unaheshimika. Wewe utapona."

Alilisema bila ubaya, kama mtu anayesoma bei. Masunga aliona kwamba amepiga hesabu, na kwamba kwenye hesabu hiyo yeye ndiye aliyeonekana mwepesi kuachwa. Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho hakikukaa sawa. Siku ile Kabula alipokuja na habari za mama alikuwa na hasira ya kweli, na mtu mwenye hasira ya kweli huanza kwa kuuliza. Kabula hakuwa ameuliza. Hakuwahi kumuuliza mumewe hata mara moja imekuwaje alishindwa kwenye mlima.

"Ulijua lini?"

Mkono wa Kabula ukasimama juu ya ungo.

"Kabula."

"Asubuhi ile. Kaka alinipigia simu mkiwa bado Lamadi. Alisema atakutania kidogo pale kwenye kona, nisikwambie."

"Ukamwambia nini?"

Alipojibu alijibu kweli. Baada ya yote hayo hakuwa na sababu ya kudanganya tena.

"Nilimwambia asimchoshe mama."

Masunga akaitika, kama mtu anavyoitika anapopewa maelekezo ya njia. Aliinuka, akajaza chupa ya maji, akabinya matairi kwa kidole gumba, akatoka. Jua lilikuwa bado juu. Mwisho wa mtaa barabara inagawanyika, na miguu yake, kwa mazoea, ilitaka kushika ile ya vilimani. Akaikatalia. Alishika barabara ya Maswa, mashamba ya pamba huku na huku, miinuko mifupi isiyo na jina wala ziwa la kuonekana kwa juu. Hakuwahi kuipenda. Alikwenda nayo mpaka Binza, ambako hakuoa, hana shemeji wala mkwe, na hakuna mtu hata mmoja wa kumshukia.